Kwa Mbali Tu

Katika nyumba ya mama Rahabu pale Kinyangiri kulikuwa na neno moja la kumalizia maneno. Ukimwuliza mtu wa nyumba ile mguu unaumaje, atakwambia unauma kwa mbali, na hapo ujue mazungumzo yamekwisha, shika jembe lako twende. Mvua inanyesha? Kwa mbali; basi nguo zibaki kwenye kamba. Mgeni akiulizwa kama ana njaa, naye akajibu kwa mbali, alipewa maji ya kunywa na kigoda kizuri akaambiwa asubiri jioni. Siyo uchoyo, jamani, msije mkamsema vibaya mama wa watu. Ndivyo neno lilivyotumika. Kitu cha kwa mbali kipo, hakuna anayebisha kwamba kipo, ila hakijafika mahali pa kumwinua mtu alipokaa.

Ritha alilikuta neno hilo alipoolewa hapo kutoka Kintinku. Kwao pia walikuwa nalo, neno lile lile, lakini kwao mtu akisema anasikia kitu kwa mbali, wenzake hunyamaza ili nao wasikie. Hapa kwa wakwe aliona watu wakilisikia wanaendelea kupepeta mtama. Akazoea. Mkamwana anazoea mengi.

Mara moja tu neno lile lilimchoma. Siku alipozaliwa binti yake Selina, shangazi mmoja wa mumewe alichungulia kwenye khanga akasema, "Mh, anafanana na Gerald. Kwa mbali." Ritha akageukia ukutani akalia, maana kila mwanamke anajua kwa mbali ya namna hiyo imebeba nini. Aliyemtetea ni mama mkwe wake. Mama Rahabu alimnyanyua mtoto juu mbele ya watu wote akasema, "Kwa mbali ya wapi? Huyu ni mimi mtupu! Tazameni hili paji la uso baya, mtu akaliazime wapi kama siyo kwangu?" Watu wakacheka mpaka shangazi akatafuta viatu vyake.

Tangu siku hiyo mtoto na bibi wakawa kitu kimoja. Selina alifikisha miaka minne anakula kwenye sahani ya bibi, upande wa bibi, tonge la mkono wa bibi. Ritha hakuona wivu. Alimpenda mama yule, na aliendelea kumpenda hata mambo yalipoharibika, na hiyo ndiyo sehemu iliyomtesa zaidi.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, mvua ilikataa kuondoka. Mahindi yamesimama shambani, watu wanangoja jua la kuvunia, nayo inarudi tu, leo manyunyu, kesho manyunyu. Wengine waliamua kungoja. Mama Rahabu hakuweza kungoja. Kila mwaka yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupeleka debe la mavuno kanisani, kabla ya wazee wa kanisa wenyewe, na mchungaji alimtaja kwa jina watu wote wakisikia. Mwanamke aliyeachwa mjane na watoto wadogo, akalima peke yake mpaka kihenge kikajaa, leo awe wa pili kwa nani? Akaamuru mahindi yavunwe, yapukuchuliwe, yaingizwe ndani.

Kihenge chenyewe kilikaa chumba cha nyuma. Kilikuwa kirefu kuliko mtu, kimesukwa kwa fito kama kikapu, kikakandikwa udongo na samadi ndani na nje, na kikishajaa mdomo wake ulizibwa kwa udongo ule ule. Aliyeziba ni mama Rahabu kwa kiganja chake, na aliyebomoa ni yeye huyo huyo, mwishoni mwa mwaka, magunia ya nje yakishaliwa. Nyumba ile ilikuwa na mwiko: ukifungua kihenge kabla ya wakati wake umeita njaa. Mkamwana ndiye hakutakiwa kukigusa kabisa, hata kukiegemea.

Siku ya kujaza, Ritha alichukua punje moja akaitia kwenye magego akaing'ata. Punje iliyokauka husema ka! Hii haikusema kitu. Ilikubali jino kimya kimya.

"Mama," alisema, "haya mahindi bado yana maji. Kwa mbali."

Mama Rahabu alicheka vizuri tu, jasho likimtiririka. "Ya kwa mbali yatakaukia humo humo ndani, mama Selina. Lete debe."

Ritha akaleta debe. Angefanya nini? Angesema yana maji mengi, angekuwa mwongo, maana hayakuwa mengi. Kihenge kikajaa, kikazibwa, alama za vidole vya mama Rahabu zikakauka kwenye udongo wa mdomo wake. Jumapili iliyofuata mchungaji akamtaja kwa jina.

Ikapita miezi, na Ritha akapata mimba ya pili. Pua yake ikafunguka kama dirisha. Asubuhi moja alikuwa akipita mlango wa chumba cha nyuma na ufagio mkononi, kitu kikamgusa puani kikaondoka. Harufu ya kiatu kilicholowa kikafungiwa kwenye boksi. Alirudi nyuma, hakuisikia. Akavuta pumzi kwa nguvu, hakuna. Akaenda zake nje, na kule nje ikamjia. Harufu ya namna hiyo ni mbaya kuliko uvundo. Uvundo kila mtu anausikia, mnatafuta panya aliyekufa mnamtoa pamoja. Hii ilimchagua yeye peke yake ikamwachia kazi ya kuwaaminisha watu.

Alimwambia mumewe jioni akinawa mikono. Gerald alikuwa fundi pikipiki pale senta, mtu mwema, asiyelewa, asiyepiga mtu. Kasoro yake ilikuwa moja: kwa mama yake alikuwa bado mtoto wa shule.

"Kihenge kinanuka," Ritha alisema.

"Kinanuka nini?"

"Ukungu. Sijui. Kinanuka kwa mbali."

Gerald alijifuta mikono, akamtazama tumbo, akatabasamu. Kabla hajajibu, sauti ya mama Rahabu ikatoka jikoni. "Mwache huyo! Mwenye mimba ananusa mpaka mawazo ya watu. Mimi nilipokuwa na wewe, Gerald, nilinusa mafuta ya taa kwenye maji ya kisima mwezi mzima. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniletea maji kutoka mto wa mbali kwa baiskeli. Nikayanusa na yale nayo yana mafuta ya taa!"

Wakacheka wote. Ritha naye alicheka, maana hadithi ilikuwa inachekesha. Lakini kesho yake alipita pale mlangoni akaisikia tena, na hakuna aliyekuwepo wa kucheka naye. Aliogopa. Alijiambia mwenyewe kwamba ni mimba tu, na akaendelea kuogopa.

Magunia ya nje yalipokwisha, mama Rahabu alifunga khanga kiunoni akabomoa mdomo wa kihenge. Mahindi ya juu yalitoka mazuri, meupe, ya kupigwa picha. Alimwangalia Ritha kwa jicho la ushindi, bila ubaya. Wakala ya juu hadi yakaisha. Walipoteremka kidogo, punje zilianza kutoka na ncha za kijivu, nyingine na ukijani kama wa shaba iliyolala nje. Si nyingi. Mama Rahabu alizichambua kwenye ungo, zilizoharibika sana akawatupia kuku, zilizobaki akaziosha, akazianika, zikaenda mashine zikarudi dona. Hakutaka sembe nyumbani mwake. Kukoboa mahindi aliita kutupa chakula ili ushibe weupe.

Ugali wa dona ile ulikuwa na uchungu. Ukila kwa mlenda huuoni, mlenda unateleza nao. Ulibaki nyuma ya ulimi baada ya kunywa maji, halafu ukapotea.

"Mnasikia uchungu?" Ritha aliuliza siku ya kwanza.

Gerald alitafuna akifikiri. "Kwa mbali," alisema, akachota tonge jingine.

Vifaranga ndio walianza. Asubuhi wamejikunyata, mbawa zinaburuta chini, jioni wamelala chali. Jirani akasema mdondo, na kweli mdondo huja msimu ule, kwa hiyo nani angebisha? Wakafukiwa. Kisha mbwa wao, aliyeitwa Polisi kwa sababu ya tamaa yake, aliwekewa makombo ya ugali, akayanusa, akayazunguka, akaenda kulala kivulini na njaa yake. Mbwa ambaye aliwahi kula sabuni! Ritha alisimama na sufuria mkononi akimwangalia.

"Mama, Polisi amekataa ugali."

"Ameiba nyama kwa watu huyo," alisema mama Rahabu. "Ameshiba."

Halafu Selina akaanza kuchoka. Mtoto aliyekuwa akishindana na mbuzi kukimbia, sasa anakaa kwenye kigoda cha bibi amelaza shavu gotini. Ukimwuliza, anasema tumbo. Ukimwuliza linaumaje, mtoto wa watu, wa miaka minne, anajibu kama alivyosikia wakubwa wakijibu: "Kwa mbali." Bibi yake akamsifu kwa ukomavu.

Asubuhi moja Ritha alikuwa akimnawisha uso uani, jua limetoka tu, limewapiga wote wawili usoni. Akayaona macho ya mwanawe. Pale peupe palikuwa na rangi, nyepesi, kama shuka jeupe lililokaa sandukuni miaka mingi. Akamgeuza kivulini, ikatoweka. Akamrudisha juani, ikarudi. Akaketi chini kwenye maji yaliyomwagika.

"Gerald! Njoo umtazame mtoto macho."

Gerald alitoka na mswaki mdomoni. Alichuchumaa, akamtazama Selina, Selina akamcheka kwa lile povu. "Mimi sioni kitu."

"Tazama pale peupe. Ni manjano."

"Labda." Alikunja uso akajitahidi, tumpe haki yake, alijitahidi. "Labda kwa mbali."

"Amekula mapapai," alisema mama Rahabu kutoka mlangoni. "Wiki nzima mapapai. Mlitaka macho yawe bluu?"

Ritha aliingia ndani, akakaa kitandani akaweka mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijiona yuko peke yake katika nyumba iliyojaa watu. Alimkumbuka mama yake kule Kintinku. Mama yake akitilia shaka kihenge hakunusa wala hakuuliza mtu. Alikunja mkono wa gauni akauzamisha kwenye nafaka mpaka kwapani, akatulia hivyo, akisikiliza kwa mkono. Nafaka nzima ni baridi hata wakati wa jua kali. Nafaka inayooza ina homa.

Siku ya ushirika wa akina mama, mama Rahabu alipokwenda kanisani, Ritha alikipindua kinu chini ya kihenge, akapanda juu yake na mimba yake, akaingiza mkono kwenye mdomo ule uliobomolewa. Juu palikuwa pa baridi. Akasukuma. Akafika kiwiko, akafika bega, shavu lake limebanwa kwenye udongo, na vidole vyake vikaingia kwenye joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la mwili, kama ameingiza mkono chini ya kuku anayeatamia. Alipovuta, punje hazikumwagika vidoleni. Zilikuja zimeshikana, donge moja, na donge lilipokatika likatoa vumbi la kijani lililoning'inia hewani.

"Unafanya nini juu ya kinu changu?"

Mama Rahabu alikuwa amesahau kitabu chake cha nyimbo. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani, na uso ambao Ritha hakuwahi kuuona.

"Mama, nisamehe. Shika hapa. Yana joto. Tazama hili donge, tazama rangi yake. Tumpeleke Selina hospitali, tafadhali mama."

"Umeingiza mkono kihengeni mwangu."

"Mama, mtoto anakula sumu!"

Neno hilo lingesemwa na adui, mama Rahabu angelicheka. Liliposemwa na mkamwana wake, ndani ya nyumba yake, juu ya chakula alichokilima kwa mgongo wake, lilimpiga kifuani. "Miaka yote nimelisha watu hapa," alisema polepole. "Nimemlisha mume wako. Nimekulisha wewe mwenyewe. Leo mimi ni mchawi." Alilichukua donge, akabandua punje moja, akaitupa mdomoni akaitafuna mbele yake. Alitafuna kwa muda mrefu. Ritha aliona koo likimeza.

"Chungu kwa mbali tu," alisema mama Rahabu. "Tangu nizaliwe sijasikia mtu amekufa kwa kitu cha kwa mbali."

Jioni ile alipika yeye mwenyewe. Aliwaita wote, akaweka ugali katikati, akaanza kula kwa matonge makubwa makubwa, akiwatazama mmoja mmoja. Selina alikuwa ubavuni kwake, tonge la bibi liko mkononi. Ritha aliunyoosha mkono akalichukua tonge lile kutoka kwa mtoto.

"Mama Selina," Gerald alisema chini chini, jasho usoni. "Kula tu kidogo. Mama aone. Kesho nakuahidi tunakwenda hospitali, haki ya Mungu, asubuhi na mapema. Leo kula kidogo amani ipite."

Na Ritha akala. Alikula kwa heshima, alikula kwa woga, alikula kwa sababu kesho haikuwa mbali. Alipokuwa amekiinamisha kichwa, bibi alimpa mjukuu tonge jingine, na mtoto akala.

Alfajiri Selina alitapika mpaka akaishiwa cha kutapika. Kulipopambazuka hakukuwa tena na ubishi wa rangi. Macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai, na tumbo limevimba. Gerald aliendesha pikipiki kwa namna ambayo yeye mwenyewe angemkemea mteja wake, Ritha nyuma, mtoto katikati yao amefungwa kwa khanga. Mama Rahabu alibaki uani amesimama na ufagio, hafagii.

Zahanati wakawaambia nendeni mjini moja kwa moja. Kule hospitali ya mjini Singida waliwapokea haraka. Daktari alikuwa kijana, jina lake Bhargav, mtoto wa wenye duka la vitenge karibu na soko, aliyezaliwa pale pale na kuongea kama watu wa pale. Alimshika Selina tumbo, akamfunua macho, uso wake ukabadilika.

"Mnakula nini nyumbani?"

"Chakula cha kawaida, daktari," Gerald alisema. "Dona. Mlenda."

"Mahindi yalikuwa yananuka," Ritha alisema.

"Sana?"

Alitaka kusema sana. "Kwa mbali," alisema.

Gerald aliinamisha kichwa, kama mtu ambaye mkewe amempotezea daktari muda. Lakini daktari aliiweka kalamu mezani akaacha kila kitu.

"Tangu lini?"

Ritha aliangua kilio. Hakulia njiani, hakulia mtoto alipokuwa akitapika, akalia hapo, kwa swali dogo kama hilo. Tangu siku ya ile punje hakuna mtu aliyewahi kumwuliza tangu lini. Akamweleza yote, na yule kijana alisikiliza amenyamaza, kama watu wa Kintinku.

Alisema inaitwa sumukuvu. Inatoka kwenye ukungu, haifi kwa kupikwa, inakaa kwenye ini inalila taratibu, na mtu hajui mpaka imeshamfikisha mahali. Aliwapima damu Ritha na Gerald, akasema mimba itaangaliwa kwa karibu. Akasema bibi naye aje, bila kukosa.

Mama Rahabu alikuja na chupa ya uji wa mchele alioununua dukani, amejitanda kitenge mpaka kwenye nyusi. Hakusalimiana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa Selina, akavua viatu, akapiga magoti sakafuni akaishika miguu ya mtoto. Hakuomba msamaha kwa maneno. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Ritha alimwacha yatikisike. Alikuwa na hasira naye, hasira nzito, ya kukaa rohoni kama jiwe.

Wauguzi walimwita mama Rahabu apimwe. "Damu yangu iacheni," alisema. "Mpimeni mtoto. Akiinuka huyu, nami nitakuja." Alikataa asubuhi, akakataa jioni. Alikaa kwenye kigoda, kona ya ukutani ambako mwanga wa dirisha haufiki, kitenge kimeshuka usoni, na chakula alichopelekewa alimpa mtu wa kitanda cha jirani.

Siku zikaenda. Selina alikuwa analala tu, anapumua kama mtu anayepanda kilima. Halafu mchana mmoja, jua limejaa wodini, wauguzi wanapita na dawa, Ritha alimgeukia mama mkwe wake. Alimwona amekunja mikono juu ya tumbo, ameegemea ukuta.

"Mama, na wewe unaumwa?"

Mama Rahabu hakuinua uso. "Tumbo," alisema. "Kwa mbali tu."

Ritha alilijua neno hilo sasa kuliko mtu yeyote wa Kinyangiri. Alijua linabeba nini. Swali lilikuwa limefika mdomoni kabisa, maneno mawili tu, lakini rohoni mwake kitu kidogo kilisema, naye alionje neno lake. Alikisikia kile kitu na hakukinyamazisha. Na wakati huo huo sauti nyembamba ikatoka kitandani.

"Mama, nataka chai."

Selina! Ritha alimrukia mwanawe akilia na kucheka, Gerald akaitwa, muuguzi akaja, daktari akaja, kitanda kikazungukwa na watu. Chai ikatafutwa. Mtoto akanywa vijiko viwili akauliza Polisi yuko wapi. Watu walipotawanyika, kile kigoda cha kwenye kona kilikuwa kitupu. Mama Rahabu alikuwa ameona mjukuu amefungua macho, akafunga kitenge chake, akaenda stendi kupanda gari la Kinyangiri.

Majirani walisimulia alichofanya huko. Alifika akachimba shimo nyuma ya nyumba. Akakivunja kihenge kwa shoka, akayatoa mahindi yote, akakataa msaada, akayamwagia mafuta ya taa akayachoma. Aliyekwenda kumpa pole alimkuta ameketi karibu na majivu, macho yake yana rangi ya manjano mtu anayaona akiwa barabarani. Gerald alipigiwa simu. Walimpakia kwenye gari la mtu, na alifariki kabla hawajaifikia lami.

Matangani Ritha alikaa kwenye mkeka na tumbo lake, Selina amejilaza mapajani mwake, amekonda lakini mzima. Watu walikuwa wengi. Mama yule alilisha watu wengi. Mchungaji akamtaja kwa jina. Baadaye mzee Melkizedeki wa kanisani, aliyekuwa akishindwa kila mwaka kumtangulia kwa debe la mavuno, alisogea akakaa mbele ya Ritha, macho mekundu.

"Pole, mwanangu."

"Asante, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ninachojiuliza mimi, mwanangu, mtu mwenye akili kama Rahabu. Hakumwambia mtu yeyote kama anaumwa?"

"Aliniambia mimi," Ritha alisema.

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kuongea. Mzee aliinama mbele kidogo. "Alikwambiaje?"

Ritha alitaka kulimeza, likakataa kumezeka. Alimfunika Selina masikio kwa viganja vyake.

"Alisema tumbo linamuuma. Kwa mbali tu."

"Aa," alisema mzee Melkizedeki, na mabega yake yakashuka. "Basi." Akampigapiga mkono kwa upole. Wanawake nao wakatikisa vichwa, wakamwonea huruma, mmoja akamvutia mto wa kuegemea, maana neno walilijua wote, na kila mmoja aliona wazi kwamba mkamwana hakuwa na la kufanya. Hakuna aliyeuliza tangu lini.